Betri ya Kutumika na Betri ya Kuyeyushwa: Hotuba kwa Mawakala wa Forodha na Wafanyabiashara wa Chakavu, Tanga

Ndugu mwenyekiti, mawakala wa forodha, wanunuzi wa chakavu, wenye malori, na nyinyi mnaoshinda yadini na mizanini: asalaam aleikum, na hamjambo.

Hapa mezani kuna betri 3. Ya kwanza ni betri ya gari ya ukubwa unaoitwa N70, iliyotolewa kwenye pikapu. Ya pili ni N70 vilevile, ukizitazama kwa mbali utadhani mapacha. Ya tatu ni nyeusi, pana, ya sola. Kwa mnunuzi wa mtaani zote 3 ni betri mbovu na bei yake ni ya kilo. Kwa forodha ni vitu 3 mbalimbali vyenye misimbo 3, na kimoja kati ya hivyo chaweza kumfanya mwagizaji alirudishe kontena zima lilikotoka. Tutazirudia baadaye. Nimeziweka hapa kwa sababu makosa mengi ya mzigo wa betri hayazaliwi bandarini. Yanazaliwa kule mzigo unakopakiwa, siku mtu anapoandika neno moja kwenye ankara bila kulipima.

Bandari ya Tanga ya leo siyo ile ya kushushia mizigo kwa matishari huko nangani. Gati lina mita 450, kina kimefika mita 13, na meli inafunga na kushusha. Kwa upande wa nchi kavu tuna Horohoro, mpakani na Kenya. Kwa upande wa bahari tuna bandari bubu kuanzia Mkinga hadi Pangani, nazo kila mtu humu anazijua hata kama hataki kuzitaja. Mzigo wa betri waweza kutujia kwa njia zote hizo, na watu huuliza swali lilelile: ushuru wake ni asilimia ngapi? Nitawaomba swali hilo tuliweke mwisho. Viwango vinatangazwa upya kila mwaka wa fedha unaoanza Julai, vitazame kwenye toleo la mwaka husika. Swali la kwanza ni hili: ndani ya kontena mna betri, au mna taka?

Tufungue kitabu cha ushuru. Kichwa 8507 ni cha betri kama betri. Ndani yake, 8507.10 ni betri za risasi na asidi za kuwashia injini za pistoni: za gari, lori, pikipiki na boti. 8507.20 ni betri nyingine zote za risasi na asidi: za sola, za UPS, za minara ya simu, za kuendeshea fokolifti. Betri ya mtumba inayofanya kazi inabaki humo humo. Ukuukuu peke yake hauiondoi.

Kichwa 8549 ni cha taka na chakavu cha vifaa vya umeme na elektroniki. 8549.11 ni taka na chakavu cha betri za risasi na asidi, pamoja na betri za aina hiyo zilizokwisha kazi. Humu haijalishi tena kama ilikuwa ya gari au ya sola, nzima au iliyopasuliwa. Kichwa hiki ni kipya. Kilikuja na toleo la 2022 la mfumo wa kimataifa wa misimbo, na Afrika Mashariki tulianza kulitumia kwenye ushuru wa pamoja tarehe 1 Julai 2022. Kabla ya hapo betri zilizokwisha ziliandikwa 8548.10, na msimbo huo haupo tena. Lakini wauzaji wa nje wanaonakili hati zao za zamani bado wanauandika. Ukimwachia muuzaji aandike 8548.10 kwenye ankara na kwenye fomu ya mazingira, halafu wewe ukaandika 8549.11 kwenye TANSAD, yaani hati ya tamko la forodha, umetengeneza hati mbili zinazogombana, na ofisa hana wajibu wa kukupatanishia. Mrudishie muuzaji arekebishe kabla meli haijang'oa nanga.

Kuna majirani wa betri ambao watu wanawachanganya nao. Risasi chakavu isiyotokana na betri, kama mabomba ya zamani, maganda ya nyaya za ardhini na vile vizito vya kusawazishia magurudumu, ni 7802.00. Risasi iliyokwisha kuyeyushwa ikamiminwa kuwa vipande ni 7801: ikiwa safi iliyosafishwa kiwandani ni 7801.10, na ikiwa na antimoni kama kitu kikubwa kuliko vingine vilivyochanganyika nayo ni 7801.91. Betri nyingi za kizamani zina antimoni kwenye nyavu za sahani zake, ndiyo maana risasi iliyoyeyushwa kienyeji huangukia hapo mara nyingi. Majivu na takataka za tanuru zenye risasi kwa wingi ni 2620.29, siyo 7802, hata kama yule anayekuuzia anaziita "risasi ya unga".

Pagumu ni kwenye sahani. Mtu amepasua betri, amemwaga asidi, ameuza plastiki, na sahani zimebaki zikiwa na ule udongo wa kijivu na kahawia. Anataka ziandikwe 7802.00 kwa hoja kwamba ni risasi tupu. Si risasi tupu. Ule udongo ni salfati na oksidi za risasi, na ndio ulio hatari kuliko yote kwa sababu ukikauka unakuwa vumbi. Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa taka hatarishi zinazovuka mipaka, kwenye orodha yake ya A1160, unataja taka za betri za risasi na asidi "nzima au zilizopondwa". Orodha B1020, ile ya chakavu safi cha metali kisicho na masharti hayo, inataja chakavu cha risasi halafu papo hapo inaziondoa betri za risasi na asidi. Kwa hiyo kubadilisha jina hakukutoi kwenye mkataba. Kama una mzigo wa sahani na huna hakika na msimbo, omba uamuzi wa awali wa forodha kwa maandishi, ukiambatanisha picha na cheti cha maabara, kabla hujanunua. Baada ya kununua unachoomba ni huruma.

Sasa, mpaka kati ya betri na taka uko wapi? Sehemu ya 16 ya kitabu cha ushuru ina maelezo, namba 6, yanayoeleza ni lini kifaa cha umeme kinahesabiwa taka. Masharti ni mawili na yameunganishwa kwa "na". La kwanza: kifaa hakiwezi tena kufanya kazi yake kwa sababu kimevunjika au kimekatwa, au gharama ya kukitengeneza haina maana. La pili: kimefungwa au kimesafirishwa kwa namna isiyokusudia kukilinda kimoja kimoja kisiharibike njiani. Betri zilizorundikwa kwenye kontena kama nazi zinazokwenda sokoni zimekwisha kutoa ushahidi wa sharti la pili zenyewe, hata kama ankara inasema ni mtumba mzuri.

Anayesema analeta betri za mtumba za kutumika, athibitishe kwa kipimo. Vifaa havizidi vitatu: voltimita, haidromita ya kupimia uzito wa asidi ikilinganishwa na maji, na testa ya mzigo. Betri ya volti 12 ina seli 6. Ikiwa imechajiwa na kupumzishwa saa kadhaa, inasoma volti 12.6 au zaidi kidogo, na maji yake kwenye haidromita yanasoma kama 1.26 hadi 1.28 katika kila seli. Ikisoma volti 10.5 au pungufu baada ya kuchajiwa, kwa kawaida seli moja imekufa. Haidromita itakuonyesha ipi: tano zitasoma 1.25 na moja itasoma 1.10. Testa ya mzigo ndiyo hakimu wa mwisho kwa betri ya kuwashia gari. Ipe mzigo wa nusu ya ampea za kuwashia zilizoandikwa kwenye lebo, kwa sekunde 15. Volti isishuke chini ya 9.6 kwenye joto la nyuzi 21 hivi. Matokeo yaandikwe kwa kila betri na namba yake, siyo karatasi moja inayosema "zote zimepimwa, ziko sawa". Mali bila daftari hupotea bila habari. Huku kwetu ikikosa daftari inageuka taka.

Pengine mtu atauliza, kwa nini tusihangaike tu na 8549.11 tuiache hiyo 8507? Kwa sababu 8549.11 haiji peke yake. Msimbo ndio unaosema sheria gani itaamka.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kwenye Jedwali la Pili, sehemu ya bidhaa zilizopigwa marufuku, imetaja taka hatarishi kama zinavyoelezwa kwenye mikataba ya kimataifa. Kwa hiyo ofisa wa forodha haanzi na ushuru, anaanza na swali la kama mzigo huo unaruhusiwa kuwepo. Mkataba wa Basel ulipitishwa 1989 na kuanza kazi 1992. Kwake betri zilizokwisha ni taka hatarishi: Y31 kwa sababu ya risasi, Y34 kwa sababu ya asidi, A1160 kwenye orodha. Haukatazi kila safari, bali unadai ridhaa ya maandishi ya nchi inayotoa, nchi inayopokea na nchi zinazopitiwa, kabla mzigo haujaondoka. Marekebisho yake yaliyoanza kazi 5 Desemba 2019 yamefunga njia ya taka hatarishi kutoka nchi tajiri kama zile za Umoja wa Ulaya kwenda nchi kama yetu. Marekani si mwanachama wa Basel, na mwanachama haruhusiwi kufanya biashara ya taka hizi na asiye mwanachama bila makubaliano maalumu.

Juu yake kuna Mkataba wa Bamako wa 1991, wa Afrika wenyewe, na Tanzania imo. Huu ni mkali zaidi: taka hatarishi kutoka kwa asiye mwanachama wa mkataba huo haziingii, na kuziingiza ni kosa la jinai. Sasa lisikieni hili vizuri, kwa kuwa kila mara kuna mtu ameahidiwa kontena la bei poa kutoka Dubai. Betri zilizokwisha kutoka Dubai, Ulaya au Japani hazina kibali cha kuombea. Si suala la kujua mtu, wala la kungojea foleni, mlango haupo. Kilichobaki ni mzigo kutoka nchi ya Afrika iliyoridhia Bamako, kwa ridhaa, kwenda kwa kiwanda chenye kibali. Hata huo nchi inaweza kuukataa.

Kwa wale ambao mlango huo mwembamba unawahusu, kazi inakwenda kwa mpangilio ufuatao, na ukiugeuza unaharibu.

Kwanza ni mkataba wa maandishi kati ya anayetoa na kiwanda kitakachoyeyusha, ukieleza kwamba taka zitashughulikiwa kwa njia salama kwa mazingira. Siyo mkataba na dalali. Dalali hana tanuru. Kiwanda kiwe na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira na kibali cha taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na uwezo ulioandikwa kwenye kibali utoshe kwa tani zinazoletwa. Kiwanda chenye kibali cha tani 50 kwa mwezi kikiombewa makontena 5 ya tani 21, hesabu inajikataa yenyewe.

Pili ni fomu ya taarifa ya awali. Humo ndimo msimbo wa forodha 8549.11 unapokutana na ndugu zake: Y31, Y34, A1160, UN 2794 ya betri zenye asidi, hatari ya kundi la 8, yaani vitu vinavyounguza na kula, na njia ya urejelezaji R4, yaani kurejesha metali. Ukiandika R13 umesema unaenda kuzilimbikiza tu, na utaulizwa baada ya hapo zinakwenda wapi. Fomu hupita kwa mamlaka ya mazingira ya nchi inayotoa, ikaja kwa mamlaka yetu. Nchi inayopitiwa ina siku 60 za kujibu. Ridhaa ya jumla kwa safari nyingi haizidi miezi 12. Weka na dhamana au bima ya kugharimia mzigo kurudishwa ikishindikana.

Wenye malori ya kwenda nchi jirani, hapo kwenye nchi zinazopitiwa msipitie juu juu. Mzigo ukishuka Tanga kuelekea nchi ya tatu, Tanzania ndiyo nchi inayopitiwa, na ridhaa yake inatakiwa mapema. Kusema "mimi napita tu" hakusaidii.

Tatu, ridhaa zikishatoka, ndipo mzigo unapopakiwa, na kila kontena linasafiri na fomu yake ya safari inayotiwa saini na kila anayelipokea: mwenye meli, mwenye lori, kiwanda. Fomu hii haifi getini. Kiwanda kikishapokea kinatoa taarifa, na kikishayeyusha kinatoa taarifa nyingine. Mawakala wengi huiona TANSAD imetoka wakadhani kazi imekwisha, kumbe mwaka unaofuata mteja ananyimwa ridhaa kwa sababu ya taarifa za kumalizia zilizokosekana.

Upakiaji nitaukalia kidogo, maana hapo ndipo pesa zinapovujia, na asidi pia.

Betri isafirishwe na asidi yake ndani, imesimama, vifuniko vimefungwa. Ile tabia ya kuimwaga ili ziwe "betri kavu" ina hasara tatu. Asidi ya betri iliyotumika ina risasi ndani yake, na imemwagwa kwenye udongo wa mtu. Pili, kuimwaga hakubadilishi msimbo wala A1160. Tatu, inakuvuruga kwenye uzito, nitaeleza punde. Betri iliyopasuka isichanganywe na nzima, iwekwe kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko. Vichwa vya betri vifunikwe au vipangwe visigusane na chuma, kwa sababu betri "iliyokufa" bado ina umeme wa kutosha kuwasha boksi.

Chukua paleti ya mita 1 kwa mita 1.2. N70 ina urefu wa kama sentimita 30 na upana wa 17, kwa hiyo safu moja inachukua betri 20. Weka safu 3, si zaidi, na ubao au katoni nene kati ya safu na safu ili vichwa visitoboe matumbo ya zilizo juu. Hizo ni betri 60. Kwa kilo 18 moja moja, paleti ni kilo 1,080. Zungushia plastiki, kaza mikanda, isiwe ya chuma. Sakafu ya kontena la futi 20 inachukua paleti 10 za vipimo hivyo. Ukibebanisha mbili mbili zinakuwa 20, betri 1,200, tani 21.6 bila kuhesabu mbao. Chini tandika plastiki nene isiyoliwa na asidi na uipandishe kuta kidogo. Nje, mabango ya kundi la 8 na UN 2794 pande zote 4. Uzito uliothibitishwa wa kontena unatakiwa kabla ya kupakia melini tangu Julai 2016, na ukidanganya hapo umedanganya nahodha.

Tazama sasa uzito unavyosema. N70 hubeba kama kilo 4 za asidi, kubwa zaidi hubeba zaidi. Betri 1,200 zikimwagwa, kontena limepungua karibu tani 5. Hati inasema tani 21.6, mizani inasoma 17. Ofisa atauliza: mzigo umeibwa, asidi imemwagwa, au ankara ni ya uongo? Majibu yote matatu ni mabaya. Na ikivuja njiani, sakafu ya kontena imeliwa, mwenye kontena anakudai, na mizani bado inauliza.

Thamani nayo. Muuzaji anakwambia betri ni taka, kwa hiyo aandike dola 500 kontena zima. Forodha hutaka bei iliyolipwa kweli pamoja na bima na nauli hadi hapa. Hebu fanyeni hesabu ya haraka: betri ni risasi na misombo yake kwa kiasi cha asilimia 60 hadi 70 ya uzito. Tani 21.6 zina kama tani 13 za risasi, na kwenye soko la metali la London risasi miaka ya karibuni imekuwa ikichezea dola 2,000 kwa tani. Hakuna anayeuza kitu cha namna hiyo kwa dola 500, isipokuwa ana sababu ya kutaka kiondoke kwake haraka, na sababu hiyo ndiyo ya kuogopa.

Mjanja mwingine huandika "vyuma chakavu" au "spea za gari zilizotumika". Risasi ni nzito mara 11 ya maji, na kwenye skana inatokea nyeusi tii, mistari ya mabunda sawasawa, haifanani na gia boksi wala bampa. Ikibainika, tumetoka kwenye kosa la msimbo tumeingia kwenye usafirishaji haramu. Kwa Basel, mzigo usiolingana na hati zake kwa jambo la msingi ni haramu. Kosa likiwa la aliyetoa, nchi yake inapaswa kuurudisha ndani ya siku 30 tangu ijulishwe. Kosa likiwa la mwagizaji, gharama ya kuushughulikia inabaki kwake huku. Msemo wa Tanga ni "waja leo waondoka leo", lakini kontena la betri lisilo na ridhaa halijui Kitanga: litakaa, na tozo ya kuhifadhi itakaa nalo. Nanyi mawakala kumbukeni kifungu cha 147 cha sheria ya forodha. Unapofanya jambo kwa niaba ya mwenye mali unahesabiwa kuwa mwenye mali. Mteja anaweza kuzima simu. Leseni yako iko ukutani.

Ukiwa una hakika kwamba forodha wamekosea msimbo, usibishane kaunta. Kifungu cha 229 kinakupa siku 30 kumwandikia Kamishna kuomba uamuzi upitiwe upya, naye ana siku 30 za kujibu. Usiporidhika, kifungu cha 230 kinakupa siku 45 kwenda kwenye baraza la rufani za kodi. Peleka vipimo na picha. Hasira hazina fomu.

Horohoro. Wengi wanadhani kwa kuwa tuko Jumuiya moja, betri zilizokwisha zinapita kama nyanya. Umoja wa forodha haukufuta mpaka wa Basel: nchi ni mbili, ridhaa ni mbili. Tena Jedwali la Tatu la sheria ileile ya forodha limeweka betri za magari zilizotumika, risasi chakavu na risasi ghafi kwenye bidhaa ambazo hata kuzitoa nje kuna masharti. Basi muuzaji wa upande wa Lunga Lunga, Kenya, akikuambia kwake kuko sawa, mwombe karatasi ya kutolea, siyo ya kuingizia tu. Betri zinazotoka Pemba ni jambo jingine. Hizo hazijavuka mpaka wa nchi, fomu za Basel hazihusiki, ila vibali vya kusafirisha taka hatarishi bado vinahusika, na mamlaka za mazingira za Bara na Zanzibar ni mbili. Na kwenye jahazi, kuziweka betri chini ya magunia ya mchele ni kulisha watu risasi.

Hili la kulisha watu risasi si maneno ya kutishia. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, ni mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa ubavuni mwa nyumba za watu kuanzia 2007 hadi 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa damu ya mtu ikifikisha mikrogramu 5 za risasi kwa desilita. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho. Mtoto wa mpasua betri hukipata kwenye shati la baba yake.

Kwa hiyo mnaofungua makontena, fungueni milango yote miwili na msiingie mara moja. Betri hutoa haidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inalipuka kwa cheche, na sigara ni cheche. Glavu za mpira, buti, miwani. Asidi ikimwagika, mwagieni magadi au chokaa mpaka iache kutoa povu, kisha kusanyeni lile tope kama taka hatarishi, siyo mfereji wa bandari. Ikiingia jichoni, maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, halafu hospitali. Nguo za kazi zifuliwe kazini.

Tumerudi mezani. Betri ya kwanza: volti 12.6, seli zote 1.26, chini ya mzigo imesimama volti 10.4. Imefungwa kwenye boksi lake na karatasi yake ya kipimo. Hiyo ni 8507.10. Ya pili, pacha wake: imechajiwa usiku kucha, volti 10.3, seli ya tatu inasoma 1.10, na bei ya kuifufua inazidi bei ya mtumba mzima. Ikija imerundikwa na wenzake ni 8549.11, na yote tuliyoyasema inaburuta nyuma yake.

Ya tatu lebo yake imebanduka. Ganda ni la betri ya sola ya ampea 100, volti 12. Betri ya risasi ya ukubwa huo ina kilo 28 hadi 30. Ikiwa ya lithiamu ina kilo 11 hadi 13, haiingii 8549.11, na ikiangukia tanuru la risasi inaweza kulipuka pamoja na wanaoiyeyusha. Mizani iko pale mlangoni. Mje mmoja mmoja, muinyanyue kwanza kwa mkono kabla ya kuipima, mwandike msimbo kwenye karatasi, halafu tufungue kifuniko tuone nani amepata.